Imeshuka

Siku Fundi Paa alipoambiwa presha yake imeshuka, alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Mkewe alikuwa barazani anafuma sweta la mtoto wa shule, mkono mmoja umekwisha, wa pili umefika kiwikoni. Alimwona tangu kwenye kona, anavyotembea huku akiviangalia vidole vya miguu yake, akajua leo hakuna utani. Akaziweka sindano mapajani.

"Vipi, Baba Pacha?"

Fundi alikaa kizingitini. Akavua kiatu kimoja, akakikung'uta ingawa hakikuwa na mchanga, akavua na cha pili.

"Imeshuka," akasema.

"Nini imeshuka?"

"Presha. Nesi kasema kwa kinywa chake. Imeshuka."

Mama Pacha alijishika kifua. Maana watu wa mtaa ule, kama watu wa mitaa mingi, waliijua presha kwa sura mbili, mtu na mdogo wake: kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka. Ya kupanda, walisema, ina adabu kidogo, inakupa nafasi ya kuaga. Lakini ya kushuka haina hodi wala karibu. Inamkuta mtu na bakuli lake la uji. Bakuli linabaki, mtu hayupo. Baba mdogo wa fundi alianguka kisimani na ndoo mkononi, na hakuna daktari aliyemwona, lakini msiba mzima ulilitaja jina moja tu: presha ya kushuka.

Mama Pacha akauliza nesi kasema nini zaidi. Fundi akajibu kwamba hakusema zaidi. Foleni ilikuwa imefika mpaka uani, na mara tu alipomfungua kile kitambaa cha mkononi, akaitwa mbio chumba cha pili kulikoletwa mtoto mwenye degedege. Alilitupa lile neno akiwa mlangoni, kama mtu anayetupa maji ya kuoshea vyombo. Fundi alingoja kidogo, akaona aibu kuulizia ugonjwa wake na huku mtoto analia, akaondoka.

"Ya kupanda nilikuwa nimeshaizoea," alisema. "Sasa imeniletea mdogo wake."

*

Miezi michache kabla ya hapo, walipomwambia ana presha ya kupanda, fundi alicheka. Alimwambia nesi, "Mimi kazi yangu kupanda. Ningepataje nyingine?" Na kweli, alikuwa mwezekaji tangu ujana, na jina lake lilimkaa kotekote: paa ndiyo kazi yake, na juu ya mbao alitembea kama paa wa mwituni, hata mtu aliye chini akawa anashika roho kwa niaba yake.

Kicheko kilikwisha alipofika kazini. Walikuwa wanajenga ukumbi wa shule, mrefu, wenye paa la kuinamisha shingo ukitaka kuliona lote. Nyapara alisema mtu mwenye presha hapandi kwenye jengo lake mpaka ipoe, na hilo halikuwa na mjadala. Basi Fundi Paa akawa mtu wa chini. Akashika ngazi ili wengine wapande. Akawapokeza mabati vijana aliowafundisha mwenyewe kupiga msumari bila kulitoboa bati pembeni. Siku ya kwanza walimwonea haya. Siku ya tatu mmoja akasema Fundi Paa siku hizi ni Fundi Sakafu, wote wakacheka, na yeye akacheka nao, kicheko cha meno bila macho. Nyumbani hakusema kitu, lakini Mama Pacha alijua, kwa sababu usiku ule mumewe alikaa akiuangalia upenu wa nyumba yao wenyewe kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

Hata hivyo alifuata masharti. Kidonge kila asubuhi. Chumvi ikawa mgeni wa kupita. Maharage yakapikwa kwa kitunguu na nyanya na imani. Fundi aliyala akiwa amefumba macho, akisema kwamba chakula hiki ukikilisha ukuta nao utabomoka. Lakini alikula.

Na sasa, baada ya subira yote ile, neno lenyewe ndilo hilo: imeshuka.

*

Jioni ile alifika wifi, dada mkubwa wa fundi, muuza mayai, mwanamke ambaye hakuingia nyumba ya mtu bila kitendawili wala hakutoka bila kutoa ushauri. Aliposikia habari alikaa chini kwanza, akatikisa kichwa, akamwuliza kaka mtu kama anaona kizunguzungu. Fundi akasema hapana. Wifi akasema ndiyo yenyewe hiyo, inajificha.

"Wifi yangu," akamgeukia Mama Pacha. "Kitendawili."

"Tega," Mama Pacha alijibu, ingawa moyo haukuwepo.

"Mdogo kuliko mchele, asipokuja karamu haina wageni."

"Chumvi."

"Haya. Mtu wa kushuka dawa yake ni hiyo. Na kahawa nzito, nyeusi, isiyoona mwanga. Sisi si tumeona? Mtu akizimia anawekewa nini chini ya ulimi?"

Mama Pacha akauliza habari ya vidonge. Hapo wote watatu wakafikiri, na kwa kweli walifikiri vizuri, ila walianzia mahali pabaya. Ni fundi aliyepata jibu. Alisema vidonge vile alipewa vya kushusha. Sasa mtu aliyekwisha kushuka ukampa cha kumshusha, si unamsukumia kaburini? Wifi akasema kaka yake angesoma angekuwa hakimu. Mama Pacha aliichukua pakiti mezani, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati mahali pa vitu vya kusubiri.

Usiku ule maharage yalikuwa na chumvi. Fundi alipotia kijiko cha kwanza mdomoni alitulia kidogo, halafu akacheka peke yake.

"Kumbe," akasema, "kufa nako kuna raha zake."

"Nyamaza wewe," mkewe akamwambia. Lakini alimwongezea.

*

Kilichomsumbua Mama Pacha zaidi ni habari ya kesho yake. Fundi alirudi kazini, nyapara akamwuliza vipi kule zahanati. Fundi hakuwa mtu wa uongo. Akasema, imeshuka, bosi. Alitegemea kupewa pole. Badala yake nyapara alimpiga bega, akasema hiyo ndiyo habari aliyokuwa anaingoja, ukumbi unachelewa, chukua nyundo upande.

Mama Pacha alisikiliza haya akiwa na uzi mdomoni. Akautoa.

"Umemwambia imeshuka, naye akakupandisha juu?"

"Akanipandisha."

"Huyo mtu ana moyo au ana jiwe?"

"Labda haijui ya kushuka. Wengine wanaijua moja tu."

"Na wewe hukumfafanulia."

Fundi aliangalia viganja vyake. Vilikuwa na michubuko mipya, na aliviangalia kwa upendo kabisa. "Nimfafanulie nini, mke wangu? Nimekaa chini mpaka nimeota mizizi. Leo nilipofika juu, nimeona mpaka kule barabara inakopinda. Nimekuta msumari umepigwa upande na wale vijana, nikaung'oa, nikaupiga upya. Usiniambie nishuke."

Hakumwambia. Mtu uliyeishi naye tangu hamna kitanda, unajua kipi ukimnyang'anya atabaki mtu na kipi atabaki gunia. Ila alijiapia jambo moja: kama mume wake atakuwa juu na presha iko chini, basi yeye ataishikilia isianguke. Akawa anapika kama mtu anayejenga. Chumvi kwenye maharage, chumvi kwenye mboga, chumvi kwenye yai la kuchemsha analolifunga kwenye karatasi. Chupa ya kahawa nyeusi ikawa haikosekani begani kwa fundi. Na fundi alinawiri, au alionekana kunawiri. Alikuwa na sauti. Alipiga mluzi akioga. Mama Pacha akiusikia alimshukuru Mungu na kumshukuru wifi, kwa mpangilio huo.

Presha haina kelele. Hiyo ndiyo hila yake. Inaweza kukaa ndani ya mtu kama mpangaji asiyegombana na yeyote, huku anaivunja nyumba kidogokidogo kwa ndani.

Halafu fundi akaanza kuamka na kisogo kizito. Akasema amelala vibaya. Baadaye akasema mchana juani huona vijinzi vyeusi vinapita machoni, akivipunga haviondoki. Mama Pacha akaona, ah, inashuka zaidi. Akaongeza chumvi. Kichwa kikazidi. Akaongeza kahawa. Jioni moja fundi alirudi na kidole gumba kimevimba, rangi ya bilinganya. Mtu huyu tangu wamejuana hakuwahi kujipiga nyundo. Alisema msumari aliuona miwili, akachagua ule usiokuwepo. Alisema hivyo kwa utani, lakini hakupiga mluzi alipooga.

Mama Pacha alikaa na lile neno: miwili. Mwezekaji anayeona misumari miwili ataona na mbao mbili, na siku moja atakanyaga ile isiyokuwepo.

Asubuhi, fundi alipokwisha kuondoka, alikunja kazi yake akaenda zahanati kuomba dawa ya kupandisha.

*

Nesi alikuwa yule yule, mwanamke mfupi mwenye kalamu nyweleni. Siku hiyo watu walikuwa wachache. Akamkaribisha, akamwuliza anaumwa nini.

"Siumwi mimi, binti yangu. Ni mume wangu, mwezekaji. Ulimpima ukakuta imeshuka. Nimekuja kuomba dawa ya kumpandisha."

Nesi alidhani hakusikia. "Ya kufanya nini?"

"Ya kumpandisha. Ya kushusha tumeshamwachisha, usiwe na wasiwasi. Na chumvi anakula ya kutosha. Lakini naona inazidi kushuka. Kichwa, macho. Jana kaona msumari mmoja kuwa miwili."

Nesi alivuta kiti akakaa. Akauliza polepole, vidonge ameacha tangu lini? Tangu siku ile, Mama Pacha akajibu. Siku uliyosema imeshuka.

"Mama," nesi akasema, "mume wako presha yake ilikuwa juu sana. Nikampa dawa. Akarudi, nikapima, nikakuta imeshuka. Imeshuka kutoka kule juu, mama, imefika mahali pake. Nilikuwa namsifu."

"Unamsifu?"

"Namsifu. Hana presha ya kushuka. Hajawahi kuwa nayo."

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza, mzani, na dirisha lenye wavu. Mama Pacha aliutazama ule wavu. Alikuwa akiyapanga mambo upya kichwani, kila kijiko cha chumvi, kila kikombe cha kahawa nyeusi, kila asubuhi aliyompa mumewe yai lililofungwa kwenye karatasi akaona ameokoa maisha. Akafumua kama mtu anayefumua sweta, mistari yote, mpaka kwenye fundo la kwanza. Na fundo la kwanza lilikuwa neno moja.

"Sasa kwa nini usiseme ni nzuri?" aliuliza, bila ugomvi. "Mtu akikuambia bei imeshuka unafurahi. Akikuambia presha imeshuka, unaandaa sanda."

Nesi alisema tu kwamba alikuwa ameitwa, kwamba alitaka kurudi kumwelekeza, na aliporudi mzee hakuwepo. Halafu akaacha kujitetea. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Juu," Mama Pacha akasema, na neno lile likamsimamisha.

*

Ukumbi ulikuwa umeezekwa upande mmoja, upande wa pili mbao zilikuwa wazi kama mbavu. Mama Pacha alifika anahema, lakini alipoliona jengo alipunguza mwendo. Mke wa mwezekaji anajua sheria moja kuliko zote: mtu aliye juu haitwi kwa sauti. Ukimshtua umemsukuma.

Alimwona. Alikuwa karibu kabisa na ukingo, amechutama, bati liko mbele yake, mkono mmoja unapapasa pembeni kutafuta nyundo iliyokuwa pale pale. Alipapasa mara mbili. Kijana wa jirani yake alimsogezea, naye akaipokea bila kumwangalia.

Nyapara alimjia kumwuliza kuna msiba gani. Mama Pacha alimwinulia kiganja: ngoja. Akasogea mpaka kwenye mguu wa ngazi, mahali ambapo mumewe akigeuka atamwona bila kuinama. Akasimama hapo, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja tu kutazama kazi. Alingoja mpaka fundi akamwona.

"Mama Pacha?"

"Ndiyo mimi. Msumari huo umeshaingia?"

"Umeingia."

"Basi weka nyundo. Uje taratibu, uso ngazini. Nina neno na wewe."

Pale juu wale vijana wakaangaliana. Mmoja akaguna kwamba mzee amefuatwa na mwenye nyumba. Fundi alisikia. Mama Pacha alimwona alivyosikia, jinsi mabega yalivyokaza, na kwa kitambo kidogo ilikuwa haijulikani. Angeweza kusema nitakuja mchana. Mwanamume aliyeitwa na mkewe mbele ya vijana wake ana haki ya kusema hivyo, na wengi wamesema.

Mama Pacha alishika ngazi kwa mikono miwili, akaibana na goti lake, kama mumewe alivyowashikia wenzake msimu mzima.

Fundi aliutazama ule mshiko. Halafu akageuka, akatafuta kidato cha kwanza kwa mguu. Akakikosa. Akakitafuta tena. Kijana aliyetania ndiye aliyelala kifudifudi juu ya mbao akamshika mkono, akamshusha mpaka mguu ulipopata mahali. Hakuna aliyecheka tena. Alishuka kama mtu anayeshuka kisimani, kidato, pumzi, kidato, pumzi. Alipokanyaga ardhi, shati lake lilikuwa limelowa na uso umeiva.

Mkewe alimwambia sikioni, kwa ufupi. Ya kushuka haikuwepo. Ilikuwa ya kupanda siku zote, na sisi tumeilisha.

Fundi alifunga macho. Nyapara alikuwa amesogea, anauliza kuna nini, na hapo palikuwa na njia nyepesi: kusema mtoto anaumwa, kusema mgeni amekuja, kesho arudi juu. Mama Pacha hakumjibia. Hilo lilikuwa la mwenyewe.

"Bosi," fundi akasema, "nilikosea. Presha yangu bado ni ya kupanda. Na macho hayako sawa. Nitoe juu."

Alisema kwa sauti ya kuwafikia na wale wa kwenye mbao. Nyapara alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavua kofia yake. "Ungeanguka hapa," alisema, "ningeanzaje kumwambia huyu mama?" Akaita gari la kubebea mchanga, akaamuru wapelekwe zahanati.

*

Nesi alimkalisha kwanza apumzike, asiongee, mgongo kitini, miguu chini, mkono mezani. Alipopima, kipimo kilikuwa juu kuliko siku ya kwanza kabisa. Akampumzisha, akapima tena. Akamwita daktari, naye akaja na taa yake ya machoni, akaagiza dawa, wakamlaza hapo mpaka jioni. Nesi safari hii hakutoka mlangoni. Alivuta kiti katikati ya mume na mke, akawaambia neno moja moja, kila neno akalirudia, na kila alipomaliza akamtaka fundi amwambie yeye alichosikia.

Fundi aliuliza swali moja tu. Dawa hii atameza mpaka lini?

"Siku zote, baba. Hata ukijisikia mzima. Hata nikikuambia kipimo ni kizuri."

"Hata kikiwa kizuri?"

"Hasa hapo."

Alilala akiangalia dari. Mama Pacha alidhani amekasirika, kumbe alikuwa anafanya kazi. Baada ya muda aliinua kidole chake kilichovimba, akaonyesha juu, mahali palipokuwa na alama ya zamani ya maji kwenye ubao. "Hapa palikuwa panavuja," alisema. "Wameweka bati jipya." Halafu akasinzia.

Wifi alipopata habari alilia, akajilaumu mpaka ikabidi afarijiwe yeye. Alileta mayai kama fidia. Mama Pacha aliyachemsha bila chumvi, wakayala wote watatu, na wifi akasema kwamba ukilitafuna sana yai lina utamu wake wenyewe, hakuna aliyemwamini, hata yeye.

*

Fundi hakurudishwa juu, wala hakuomba. Nyapara alimweka chini kupima na kukata mabati, kazi ambayo ikikosewa hapo, huko juu hakuna nyundo inayoisahihisha. Vijana walikuja kumwuliza pembe hii ikatwe vipi, naye aliwajibu. Mmoja wao aliendelea kumwita Fundi Sakafu. Fundi alimwambia paa lisilo na sakafu ni mwavuli.

Mchana mmoja Mama Pacha alimletea chakula, akamkuta ameketi kivulini na seremala wa milango, mtu mzito, mkimya, aliyekuwa anazungusha kofia mikononi. Alisita asije akawakatiza. Seremala alikuwa anaeleza kwa sauti ya chini kwamba naye ana ule ugonjwa, ila yeye Mungu kamsaidia, juzi kapimwa wakakuta iko sawasawa kabisa. Kwa hiyo vidonge ameviweka pembeni. Mtu mzima wa nini kumeza dawa?

Fundi aliweka mkasi wake wa bati chini.

"Nyumba yako ilikuwa inavuja, nikaja nikakuezekea. Mvua ikanyesha, ndani pakavu. Utaniita nije nikuezulie?"

Seremala alifikiri. "Kwa nini niezue? Si ndilo linalozuia."

"Basi kameze dawa yako," akasema Fundi Paa.